Jomolhari kwa miguu: kutoka Paro hadi Dodena, siku kwa siku

Njia ya Jomolhari, magharibi mwa Bhutan, haimfikishi mtu kileleni. Kilele chenyewe, chenye mita 7,300 na ushei, ni makao ya mungu wa kike kwa imani ya Wabudha wa huko, na kukipanda ni marufuku. Bhutan ilizuia kupanda milima inayozidi mita 6,000 mwaka 1994, kisha mwaka 2003 ikafunga kabisa upandaji wa vilele. Wa kwanza kufika juu ya Jomolhari walikuwa Mwingereza Freddie Spencer Chapman na Pasang Dawa Lama, mwaka 1937. Leo msafiri huizunguka milima kwa chini, akipitia misitu, malisho ya yaki, ng'ombe wenye manyoya marefu wa Himalaya, na mipito miwili ya kuvukia milima, ya zaidi ya mita 4,800.

Anayeijua Kilimanjaro atadhani hii ni kazi nyepesi, kwa kuwa mipito yote miwili haizidi sana kambi ya Barafu yenye mita 4,673. Ugumu wake uko kwingine. Kilimanjaro ukiugua unageuka na kushuka, na kwa saa chache uko chini kabisa. Hapa, ukishavuka mpito wa Nyile La na kuingia kijiji cha Lingshi, umekaa kwenye mita 4,000 hivi huku mpito mwingine, Yeli La, ukikusubiri mbele na ule uliouvuka ukiwa nyuma. Kwa yeyote anayetaka kuteremka haraka, kila upande wa njia hii unaanza kwa kupanda. Ndiyo maana uamuzi mkubwa wa safari nzima hufanyika kambi ya Jangothang, kabla ya Nyile La, na kila kitu katika siku za mwanzo kipangwe kwa ajili ya uamuzi huo.

Kabla ya kuondoka

Miezi mizuri ni Aprili na Oktoba. Juni hadi Agosti mvua za monsuni hugeuza njia kuwa tope, na ruba wamejaa kwenye msitu wa chini. Kuanzia katikati ya Novemba theluji inaweza kuifunga mipito wakati wowote.

Mgeni anayetoka nje haruhusiwi kupita njia hii bila kiongozi mwenye leseni. Viza ni dola 40 za Marekani, na juu yake kuna ada ya maendeleo endelevu, dola 100 kwa mtu mzima kwa kila usiku, kiwango kilichowekwa Septemba 2023 hadi mwisho wa Agosti 2027. Watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu, walio chini ya hapo hawalipi. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam njia ya kawaida ni kupitia Delhi au Bangkok, kisha ndege ya Paro. Marubani hutua Paro mchana tu, kwa kuona kwa macho, na ukungu huweza kusogeza safari hadi kesho yake. Acha siku moja ya ziada kila upande wa ratiba.

Mzigo wa kila msafiri usizidi kilo 15, uwe kwenye begi laini na imara lisilo na magurudumu. Mnyama hubeba begi kila ubavu, na pande mbili zisipolingana tandiko huteleza na mgongo wake kuchubuka. Kilo tatu za ziada ulizozificha atazilipia farasi, na mwenye farasi ataligundua jambo hilo siku ya kwanza. Vitu vya ndani vifungwe kwenye mifuko ya plastiki, kwa sababu yaki hawachagui pa kupita na hukwaruza mizigo kwenye miamba na kuitumbukiza mtoni.

Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili nyuzi 15 chini ya sifuri. Oktoba usiku wa Jangothang maji ndani ya hema huganda. Buti ziwe zimeshavaliwa kwa wiki kadhaa. Chukua fimbo mbili za kutembelea, maana siku ya mwisho hushuka zaidi ya mita 1,000 na magoti ndiyo yanayolipa.

Siku ya 1 na ya 2: Paro, mita 2,250 hivi

Siku ya kuwasili ni ya kupumzika. Ya pili ni ya kupanda hadi Taktsang, nyumba ya watawa iliyoning'inia kwenye jabali kwenye mita 3,120, mahali wanapoamini Guru Rinpoche, mwalimu mkuu wa Ubudha wa Himalaya, alitafakari. Ilijengwa mwaka 1692, ikaungua mwaka 1998 na kujengwa upya. Ni ziara yenye thamani yake yenyewe, lakini kwa msafara ni kipimo pia: kiongozi anaangalia nani anapanda kwa kukimbia na kusimama, nani ana pumzi ya kudumu. Anayekimbia ndiye wa kumchunga zaidi. Huyo akifika Jangothang atakuwa wa kwanza kambini na wa kwanza kuumwa kichwa.

Ndani ya nyumba za watawa na ngome ziitwazo dzong, vaa mikono mirefu, vua kofia, vua viatu mlangoni pa madhabahu.

Wanaotumia asetazolamidi, inayouzwa kwa jina la Diamox, kwa kawaida huanza siku moja kabla ya kupanda, miligramu 125 asubuhi na 125 jioni. Daktari aulizwe nyumbani, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa. Vidole vitachonyota, mkojo utaongezeka, soda itakuwa na ladha mbaya. Hayo ni ya kawaida.

Siku ya 3: Paro hadi Shana, mita 2,850

Gari hupita chini ya Drukgyel Dzong, ngome iliyojengwa mwaka 1649 kukumbuka ushindi dhidi ya jeshi la Tibet, ikaungua mwaka 1951, na miaka ya karibuni imesimamishwa tena. Kwenye kituo cha jeshi cha Gunitsawa vibali hukaguliwa. Kiongozi awe na nakala za karatasi, asitegemee simu. Huu ni ukingo wa hifadhi ya taifa ya Jigme Dorji.

Wapo wanaoshuka garini Shana na kuanza kutembea hapohapo ili kuokoa siku. Ratiba hiyo ni mbaya. Kulala Shana kunagawanya mwinuko, na pia kunampa mpishi na wenye farasi nafasi ya kupanga mizigo mchana, badala ya kufukuzana na giza.

Siku ya 4: Shana hadi Thangthangka, mita 3,610

Ndiyo siku ndefu ya mwanzo, kilomita 22, mwendo wa saa 7 hadi 8, na inawachosha watu kuliko namba zinavyoonyesha. Ramani inaonyesha ongezeko la mita 760, lakini njia hupanda na kushuka kandokando ya mto Paro Chhu mara nyingi, kwenye mawe yenye tope na mizizi, kupitia msitu wa mialoni, misonobari na rododendroni. Ondokeni saa 1 asubuhi.

Mahali pa kuangalia ni Shing Karap, kwenye mita 3,110 hivi, penye uwazi na nyumba ya mawe. Hapo njia ya zamani ya kwenda Tibet kupitia mpito wa Tremo La huchepuka, na ni pana, inavutia. Wageni waliotangulia viongozi wao wamewahi kuifuata. Kanuni iwe moja: hakuna anayepita njia panda mpaka kiongozi au msaidizi wake afike.

Kutoka Shana hadi Thangthangka ni zaidi ya mita 500 ambazo wataalamu wa afya ya milimani hushauri zisipitwe kwa usiku mmoja ukiwa juu ya mita 3,000. Kwa hiyo jioni ya leo kuna kazi: supu ya chumvi, maji, na kipimo cha oksijeni cha kidole kwa kila mtu, namba ikiandikwa kwenye daftari. Namba moja peke yake haisemi kitu. Inayosema ni ile inayoshuka jioni hadi jioni kwa mtu mmoja wakati za wenzake zinabaki palepale. Msafara wenye mtu zaidi ya mmoja anayeumwa kichwa na kukataa chakula ulale Thangthangka usiku wa pili. Asubuhi, kama mawingu hayajapanda, Jomolhari huonekana mwisho wa bonde.

Siku ya 5: Thangthangka hadi Jangothang, mita 4,080

Kilomita 19, mwendo wa saa 5 hadi 6 kwa polepole. Msitu unabaki nyuma, bonde linafunguka, na vijiji vya wafugaji vinaanza: Takethang na Dangochang, nyumba chache za mawe ambako watu hulima shayiri, viazi na tanipu, na kufuga yaki. Mara nyingi hapa ndipo farasi hurudi walikotoka, na mizigo huchukuliwa na yaki.

Yaki ni mnyama mwenye nguvu ajabu kwenye baridi, lakini ratiba yake ni yake. Usiku huachwa wapande mlimani kulisha, na asubuhi wenye yaki huwafuata juu kuwatafuta. Wakipatikana saa 3, msafara utaondoka saa 3. Kwa sababu hiyo begi la mgongoni la msafiri lazima liwe na kila kitu cha siku nzima: koti la mvua, nguo ya joto, glavu, tochi ya kichwani, lita mbili za maji, chakula na dawa. Mzigo mkubwa unaweza kufika kambini saa mbili baada yako, na saa mbili kwenye upepo wa mita 4,000 bila jaketi zinatosha kumwangusha mtu. Ukipishana nao njiani, simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde.

Njiani kuna kuta za mawe yaliyochongwa sala, na choteni, minara midogo meupe ya Wabudha. Hupitwa kwa kuziacha upande wako wa kulia. Mara nyingine njia ya kushoto ndiyo ndefu na yenye tope. Bado ndiyo inayopitwa.

Kambi iko chini ya magofu ya ngome ndogo, na nyuma yake Jomolhari inajitokeza nzima, kuanzia barafuto hadi kilele. Hakuna haja ya kupanda popote ili kuiona.

Siku ya 6: Jangothang, siku ya kukaa

Siku hii haikatwi. Ratiba zinazoikata zinauza usalama wa watu kwa bei ya usiku mmoja wa ada.

Asubuhi panda, mchana rudi ulale palepale. Njia moja huenda kwenye maziwa ya Tshophu, karibu mita 4,380. Nyingine hupanda mgongo wa mlima kaskazini mwa kambi hadi kwenye mita 4,600 na kuendelea, na juu huko mlima wa Jichu Drake huonekana vizuri. Kondoo wa buluu hulisha kwenye miteremko hii kwa makundi, na penye kondoo hao ndipo chui wa theluji huwindia, ingawa kumwona chui mwenyewe ni bahati ya wachache.

Jikoni hapa pana somo lake. Kwenye mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, kwa hiyo mchele huiva nje na kubaki mgumu ndani, na maharage hayaivi kabisa hata yakichemka mchana kutwa. Mpishi asiye na sufuria ya presha atawalisha watu chakula kibichi, tumbo litaharibika, na mwenye kuharisha hupoteza maji na kuugua mwinuko haraka zaidi. Angalia sufuria hiyo Paro, na mpira wake wa mfuniko, kabla mizigo haijafungwa. Chakula cha kila siku ni wali mwekundu na ema datshi, pilipili iliyopikwa na jibini. Pilipili hapo ni mboga yenyewe, si kiungo. Mgeni asiyeizoea aseme mapema apikiwe kando. Chai ya siagi na chumvi, suja, inywewe hata kama ulimi unagoma: ina maji, chumvi na mafuta, vitu vitatu ambavyo mwili unavidai. Kuni hazikatwi hifadhini, jiko ni la gesi. Takataka na nyama hazichomwi motoni karibu na kambi, kwa kuwa moshi wake huhesabiwa kuwa kuichafua milima mitakatifu.

Saa 11 jioni kiongozi humwita kila mtu peke yake, mbali na masikio ya wenzake, kwa sababu mbele ya kundi watu husema wazima. Maswali ni haya: kichwa, hamu ya kula, kichefuchefu, usingizi, kizunguzungu. Kisha mtu atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu wa pili, hatua kumi.

Kichwa kinachouma kidogo na kutulia kwa paracetamol na maji si kizuizi. Kinachouma mfululizo pamoja na kutapika kinamzuia mtu kupanda kesho. Anayeyumba kwenye mstari ana dalili ya uvimbe wa ubongo, na anayehema akiwa ameketi, akikohoa na midomo ikibadilika rangi, mapafu yake yanaingia maji. Hao wawili hushuka usiku huohuo, hawasubiri kuche, wakisindikizwa, kuelekea Thangthangka na zaidi. Deksamethasoni, nifedipini na mfuko wa shinikizo, kama upo, humpa mgonjwa muda wa kushuka tu. Helikopta zipo Bhutan tangu 2015, huitwa kwa simu ya setilaiti na huruka hali ya hewa ikiruhusu, mchana. Bima ya safari lazima itaje wazi uokoaji kwa helikopta na mwinuko wa mita 5,000. Nyingi za kawaida huishia chini ya hapo.

Mwenye shaka abaki usiku mwingine. Kurudi Paro kwa njia mliyojia pia ni safari kamili, na wanaorudi hapa wameshauona mlima kwa ukaribu kuliko utakavyoonekana siku zote zinazobaki.

Siku ya 7: Nyile La hadi Lingshi, mita 4,010

Amkeni saa 11 alfajiri, njiani saa 12 na nusu. Upepo wa Nyile La huanza kuvuma kwa nguvu kuelekea mchana, kwa hiyo lengo ni kuwa juu kabla ya saa 5. Njia huvuka mto kwa daraja la magogo, hupanda kwa zigizaga kali, kisha bonde pana la taratibu linalodanganya watu waongeze mwendo, halafu mwisho ni mteremko wa vifusi vya mawe. Hapo hatua moja, pumzi moja. Juu kuna lundo la mawe na bendera za sala, na wenyeji hupaza sauti "Lha gyalo!", yaani ushindi kwa miungu. Piga picha, kunywa maji, shuka. Dakika kumi zinatosha.

Ushukaji ni mrefu, ubavuni mwa mlima, na miguu huwa imechoka. Wengi huteguka kifundo cha mguu sehemu hii, wakiitazama ngome ya Lingshi iliyoonekana mbali badala ya jiwe lililo mbele yao. Kambi iko chini ya ngome, karibu na choteni kubwa nyeupe.

Siku ya 8: Lingshi

Siku fupi au ya kupumzika. Ngome iliharibika kwa tetemeko la ardhi la 1897, na tena la 2011. Kijiji kimejulikana kwa mitishamba inayokusanywa milimani kwa ajili ya tiba ya jadi ya nchi hiyo. Wasio na nguvu walale, wafue soksi, wazibe malengelenge.

Siku ya 9: Yeli La hadi Shodu, mita 4,080

Kilomita 22, mwendo wa saa 8 hadi 9: siku ngumu kuliko zote, na huja wakati watu wamejiaminisha kwamba kazi imekwisha Nyile La. Kupanda ni zaidi ya mita 800. Chakula cha asubuhi kiwe kizito, na kila begi la mgongoni liwe na cha mchana, maana mpishi hawezi kusimama mpitoni kuwasha jiko. Theluji mpya ikianguka usiku, yaki hutangulizwa wafungue njia na watu wafuate nyayo zao. Kukiwa na ukungu mzito msafara hausogei. Bendera hazionekani kwa mbali, na upande wa pili una miteremko inayofanana.

Hali ikiwa safi, Jomolhari huonekana tena kwa nyuma. Kisha ni kushuka na kushuka hadi Shodu, penye miti ya kwanza.

Siku ya 10: Shodu hadi Barshong, mita 3,710

Kilomita 16 kando ya mto Thimphu Chhu, unaovukwa mara kadhaa. Asubuhi mbao za madaraja zina utando wa barafu. Vuka mmojammoja, mikanda ya begi ikiwa imelegezwa ili ukianguka ulivue haraka. Kwenye majabali kuna mapango ya kutafakari yanayohusishwa na Zhabdrung Ngawang Namgyal, aliyeiunganisha Bhutan katika karne ya 17. Usingizi wa usiku huu huwa mzito, hamu ya chakula hurudi.

Siku ya 11: Barshong hadi Dodena, mita 2,640

Zaidi ya mita 1,000 za kushuka kwa siku moja, msituni, kwenye matope. Refusha fimbo kwa sentimita tano hivi, kaza kamba za buti juu ya kifundo ili vidole visigonge mbele, na punguza hatua. Kucha zikatwe jana yake. Zilizo ndefu huwa nyeusi hapa.

Bakshishi hutolewa Dodena kabla ya gari kuondoka, kwa ngultrum, fedha ya Bhutan, kila mtu mkononi mwake. Wenye wanyama hawaendi Thimphu, mji mkuu, na kilichoachiwa mtu mwingine awapelekee hucheleweshwa. Kutoka hapo gari huingia Thimphu kwa muda usiozidi saa moja. Mwenye nguvu zilizobaki anaweza kwanza kuvuka daraja na kupanda Cheri, nyumba ya watawa iliyojengwa na Zhabdrung mwaka 1620, mwendo wa karibu saa moja. Mahema yaliyofungwa yakiwa na unyevu yafunguliwe jioni hiyohiyo, yaanikwe, na yahesabiwe vigingi vyake.